Baiskeli Inayoshuka Ziwani: Breki, Taa na Viatu kwa Wahudumu Wetu



Kamati za parokia zinapoketi kupanga bajeti ya mwaka, kuna mstari ambao ni nadra kuukosa: baiskeli kwa makatekista na wahudumu wa afya. Ni mstari mzuri. Katekista mwenye vigango vitatu vilivyotengana kwa vilima hawezi kuvihudumia vyote kwa miguu, na mama anayewatembelea wagonjwa majumbani huokoa nusu siku akiwa na chombo cha kupanda. Wafadhili nao huupenda mstari huu, kwa sababu baiskeli ni kitu kinachoonekana na kinachohesabika.

Katika makala hii tunapenda kuzungumzia yale yanayofuata baada ya baiskeli kukabidhiwa, picha kupigwa na wageni kuondoka. Tutasema pia machache kuhusu wale wanaokimbia au kutembea kando ya barabara hizo hizo, maana hatari zao zinafanana. Hoja yetu ni nyepesi kuisema ingawa ni ngumu kuitekeleza: katika nchi ya milima kama yetu, baiskeli isiyo na breki mbili zinazoshika, taa, na fundi wa karibu bado haijakamilika, na kamati isiihesabu kuwa imekwisha kutolewa.

Lami imebadilisha hatari

Anayefahamu Mbinga anajua kwamba hapa kuna nchi mbili. Juu ni Umatengo, nchi ya kahawa, maharage na ngoro, yenye baridi na ukungu mwezi Juni na Julai. Chini ni mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, nchi ya mihogo, usipa na joto. Tangu mwaka 2012 mwambao ni wilaya yake, Wilaya ya Nyasa, lakini watu na mizigo hawajaacha kupanda na kushuka. Samaki wakavu hupanda, mahindi na maharage hushuka.

Mji wa Mbinga uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Ziwa liko karibu mita 475. Kwa hiyo anayetoka mjini kwenda Mbamba Bay, safari ya kilometa zipatazo 66, atashuka zaidi ya mita 700 kwa jumla, bila kuhesabu vilima vya katikati ambavyo atavipanda na kuvishuka tena.

Zamani barabara yenyewe ilikuwa breki. Mawe, makorongo na tope la masika vilimlazimisha kila mtu kwenda polepole, awe kwenye lori au kwenye baiskeli. Mwendesha baiskeli alianguka mara nyingi, lakini alianguka kwa mwendo wa mtu anayetembea, akainuka, akapangusa magoti, akaendelea. Lami ilifika Mbinga kutoka upande wa Songea, kisha ikaendelea hadi ziwani, na leo safari iliyokuwa ya kutwa wakati wa mvua ni ya muda mfupi. Tunaishukuru barabara hiyo. Mgonjwa wa mwambao anafika hospitali akiwa hai.

Hata hivyo, kwenye mteremko mrefu wa lami baiskeli ya kawaida inaweza kufikia kilometa 40 au 50 kwa saa bila mtu kupiga pedeli hata mara moja. Kugonga kitu kwa kilometa 40 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka juu ya mita 6, yaani kutoka juu ya paa la nyumba nyingi za vijijini. Na umbali wa kusimama hauongezeki kwa kadiri ya mwendo tu. Mwendo ukiwa mara mbili, breki zinahitaji umbali mara nne. Mtu aliyezoea kusimama kwa mita 6 akiwa kwenye vumbi, akiwa na mwendo mara mbili ya ule kwenye lami atahitaji kama mita 24, na hapo hatujahesabu mita zinazopita kabla mkono haujashika breki.

Magari nayo yameongeza mwendo. Tangu mgodi wa makaa ya mawe wa Ngaka uanze uzalishaji mwaka 2011, malori yenye shehena nzito yamekuwa wenzetu wa kila siku kwenye barabara ya Kitai kuelekea Songea. Lori la namna hiyo likishuka mlima haliwezi kumkwepa mtu ghafla, hata dereva awe mwema kiasi gani.

Breki: moyo wa jambo

Tufanye hesabu ndogo. Mtu wa kilo 60, baiskeli ya kilo 20 na mzigo wa kilo 40 ni kilo 120. Kuzishusha kilo hizo mita 700 ni lazima nguvu fulani ipotelee mahali. Nguvu hiyo ikigeuzwa yote kuwa joto inatosha kuchemsha zaidi ya lita mbili za maji ya baridi. Sehemu yake huchukuliwa na upepo na msuguano wa matairi. Inayobaki yote huishia kwenye vipande vinne vya raba, kila kimoja kisichozidi urefu wa kidole, na kwenye rimu vinazozikaba. Ndiyo sababu anayeshuka huku amekaba breki mfululizo husikia harufu ya raba inayoungua, na ndiyo sababu kiraka kilichobandikwa kwa gundi kwenye tyubu huweza kuachia katikati ya mteremko: rimu imepata joto, gundi imelainika.

Mfano mzuri unatoka mbali. Mwezi Oktoba 1976 vijana wa California, Marekani, walianza kushindana kushuka kilima kimoja karibu na mji wa Fairfax kwa baiskeli nzito za zamani zenye breki ya kukanyaga, ile inayoshika gurudumu la nyuma ukirudisha pedeli. Kilima kilishuka kama mita 400. Grisi iliyokuwa ndani ya kitovu cha gurudumu iliungua ikatoka moshi, na baada ya kushuka ilibidi wafungue na kupaka grisi upya. Mashindano yale wakayaita Repack, yaani kupakia upya, na kwenye michezo yao baiskeli za mlima tunazoziona leo zilianza kupata sura. Tunalitaja jambo hili kwa sababu baiskeli imara zenye breki ya kukanyaga zinatolewa na mashirika katika nchi jirani, Malawi ikiwa mojawapo, na zina sifa nzuri: hazina waya wa kukatika, hazisumbuliwi na mvua, na keria yake hubeba kilo 100. Kwa tambarare za mwambao ni chaguo zuri sana. Kwa mhudumu anayeshuka kutoka Umatengo kila wiki, breki ya nyuma peke yake haitoshi. Ifungwe na breki ya mbele ya mkono.

Baiskeli nyingi tulizo nazo ni zile nyeusi za magurudumu ya inchi 28, za Kichina au za Kihindi, zenye breki za vyuma. Breki hizo si mbaya. Kasoro yake ni kwamba rimu ni za chuma kilichong'arishwa, na rimu ya namna hiyo ikilowa hushikika kwa shida sana. Umbali unaotosha kusimama siku ya jua hautatosha kabisa siku ya mvua. Dawa yake ni mbili. Kwanza, mwendesha baiskeli aguse breki kidogo kidogo kabla hajazihitaji, ili raba zipanguse maji kwenye rimu. Pili, kamati inaponunua baiskeli mpya zenye breki za waya, iulize kama rimu ni za alumini. Alumini hushikika vizuri zaidi ikilowa, na mafuta ya kupikia yakimwagika juu yake (jambo la kawaida kwa baiskeli itokayo sokoni) hufutika kwa urahisi.

Si ajabu vijijini kukuta baiskeli yenye breki moja tu, nayo ya nyuma. Ya mbele ilipoharibika mwenyewe aliing'oa, akiamini kwamba breki ya mbele humrusha mtu. Imani hii ina chembe ya ukweli, kwa sababu breki ya mbele ikishikwa kwa ghafla na nguvu zote inaweza kumwangusha. Lakini baiskeli inapopunguza mwendo uzito huhamia mbele, na gurudumu la mbele ndilo lenye uwezo mkubwa wa kushika barabara. Kuing'oa ni kujinyima zaidi ya nusu ya breki. Mzigo mzito ukiwa kwenye keria, breki ya nyuma nayo hupata nguvu zaidi kuliko kawaida, kwa hiyo zote mbili zitumike pamoja, kwa upole kwanza, kisha kwa nguvu.

Vilevile kuna namna ya kushuka. Wamatengo walitambua zamani kwamba maji yakiachiwa mteremko yatabomoa shamba, wakachimba ngoro ili yapunguzwe kasi shimo kwa shimo. Mwendesha baiskeli afanye hivyo hivyo. Asiache mwendo ukue ndipo aanze kupigana nao. Akabe kwa nguvu kwa muda mfupi, aachie ili upepo upoze raba, akabe tena. Mahali penye kona kali na mteremko mkali ashuke atembee. Na kila baada ya kilometa chache asimame, adondoshee rimu matone ya maji. Yakichemka au kukauka mara moja, apumzike kwanza. Kumwambia kijana ashuke atembee si rahisi, tunajua. Lakini akielezwa sababu ya raba kuungua husikia kuliko akiambiwa tu kuwa mwangalifu.

Raba zenyewe hazifiki bei ya jogoo. Mafundi wengine hukata vipande vya tairi la gari kuwa raba za breki. Vinadumu sana, lakini vinadumu kwa sababu ni vigumu, na kwa ugumu huo huo havishiki vizuri, hasa kwenye rimu iliyolowa. Kwa kiatu cha katambuga tairi la gari ni zuri. Kwa breki, hapana.

Kuchagua baiskeli, na neno kwa wafadhili

Kamati mara nyingi huvutwa na baiskeli za mlima zenye gia nyingi na rangi za kupendeza. Gia ni msaada wa kweli kwa anayepanda, hatukatai. Lakini nyingi za bei nafuu zina fremu nyepesi isiyostahimili gunia, keria ya urembo, na gia ambazo zikipinda mara moja hakuna fundi kijijini wa kuzinyoosha wala duka la kununua nyingine. Baiskeli nyeusi ya kawaida kila fundi anaijua, na spoki, gololi, mnyororo na tairi lake hupatikana hadi kwenye maduka madogo. Ugumu wake wa kupanda unaweza kupunguzwa kwa kazi ndogo: gurudumu dogo la meno la nyuma lenye meno 18 libadilishwe kwa lenye meno 22. Mhudumu atakwenda polepole kidogo kwenye tambarare, lakini atapanda vilima vingi akiwa juu ya kiti.

Wafadhili wetu wa Ulaya wanaokusanya baiskeli zilizotumika tunawaomba waangalie jambo moja ambalo limejaza stoo za watu vyuma visivyotembea. Maandishi ya inchi 28 kwenye tairi hayamaanishi kitu kimoja. Baiskeli za Ulaya zenye jina hilo kwa kawaida zina rimu ya milimita 622. Baiskeli yetu nyeusi ya inchi 28 ina rimu ya milimita 635. Tofauti ni milimita 13 tu, lakini tairi la moja haliingii kwenye nyingine hata kwa nyundo. Hali ni hiyo hiyo kwa inchi 26: ya baiskeli ya mlima ni milimita 559, na ile ya zamani yenye tairi jembamba ni 590. Namba hizo zimechapwa ubavuni mwa tairi. Anayepakia kontena na azisome, kisha amwulize paroko kwa barua au simu ni tairi gani zinauzwa huko anakopeleka. Kama hakuna, apakie pamoja na baiskeli matairi na tyubu za kutosha miaka miwili, au auze baiskeli hizo huko huko na kutuma fedha. Kwa maoni yetu njia hii ya mwisho mara nyingi ndiyo yenye faida, hata kama haina picha nzuri. Valvu pia ziangaliwe, maana zile nyembamba za baiskeli za mashindano hazipokei pampu zetu.

Mtoto, kitenge na spoki

Jambo hili halizungumzwi vya kutosha. Mtoto anayebebwa kwenye keria miguu yake huning'inia karibu na gurudumu la nyuma. Akisinzia, au baiskeli ikiruka shimo, mguu huingia katikati ya spoki na kisigino huchunwa au kuvunjika. Ni jeraha baya, hupona polepole, na likichafuka linaweza kumwacha mtoto akichechemea. Pia humwangusha mwendeshaji na mzigo wote.

Kinga yake haihitaji mfadhili. Chukua dumu la plastiki la lita 20 lililotoboka, likate upate bapa mbili, uzitoboe na kuzifunga kwa waya kwenye madigadi na vyuma vinavyoshika keria, moja kila upande, zifunike nusu ya juu ya gurudumu. Kisha funga vipumzishio vya miguu kwenye ekseli ya nyuma. Fundi wa kawaida anaimaliza kazi hii asubuhi moja. Kinga hiyo hiyo huzuia kitenge, kanga au kanzu isinaswe. Mama anayepakiwa upande, kama ilivyo desturi, azungushe ncha ya kitenge na kuikalia, na wote wawili wakubaliane kabla ya safari kwamba kwenye miteremko abiria atashuka.

Kuhusu kubeba wagonjwa kwa baiskeli yenye kitanda cha kukokotwa nyuma, tunasema kwa ufupi: ni msaada mkubwa kwenye tambarare. Mlimani kitanda hicho huisukuma baiskeli kutoka nyuma. Kikokotwe na watu wawili wanaotembea.

Kuonekana

Jua letu huzama kati ya saa 12 na nusu jioni na saa 1, kutegemea mwezi, na giza huingia upesi. Jumuiya ndogo ndogo hukutana jioni. Mhudumu wa afya huitwa usiku. Asubuhi za Juni ukungu wa Umatengo hufanya saa 1 ionekane kama alfajiri. Kwa hiyo swali la kuonekana haliwahusu walevi na wezi peke yao, kama wengine wanavyotania.

Dereva anayekwenda kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde, na gari dogo la kawaida huhitaji zaidi ya mita 50 kusimama. Lori lenye shehena huhitaji zaidi. Mtu mwenye nguo nyeusi huonekana kwa taa za chini akiwa mita zipatazo 30. Yaani dereva akimwona, amekwisha kuchelewa. Reflekta huonekana kwa zaidi ya mita 100, na hapo dereva hupata sekunde nne au tano za kufikiri.

Kama fedha ni kidogo, tungeanza hivi: reflekta nyekundu nyuma, kwenye madigadi, isiyofunikwa na mzigo. Mara nyingi gunia huifunika, kwa hiyo nyingine ifungwe chini zaidi. Kisha reflekta za njano kwenye pedeli. Hizi zina faida ya pekee, kwa sababu hupanda na kushuka, na jicho la dereva hutambua mara moja kwamba mbele kuna mtu na si nguzo. Kisha taa. Dainamo ya zamani inafaa ila huzimika baiskeli ikisimama. Siku hizi taa ndogo za LED zinazochajiwa kwa sola au kwa waya wa simu ni nafuu na hukaa na chaji muda mrefu kuliko tochi za betri za redio tulizozoea. Tochi iliyoshikwa mdomoni au mkononi haihesabiki, kwa sababu mkono huo ndio wa breki. Fulana ya rangi ya limau, kama wanazovaa waendesha bodaboda, inafaa mchana na kwenye ukungu, lakini usiku ni ile mistari yake ya kung'aa ndiyo inayofanya kazi. Ikiwa imefuliwa kwa brashi mpaka ikafifia, inunuliwe nyingine.

Kofia ngumu

Tunaulizwa mara kwa mara kama fedha zitumike kwa kofia. Watafiti Olivier na Creighton wa Australia mwaka 2016 walikusanya tafiti 40 zenye waendesha baiskeli zaidi ya 64,000 waliopata ajali, wakaona kwamba waliovaa kofia walikuwa na uwezekano wa majeraha makubwa ya kichwa uliopungua kwa karibu theluthi mbili. Hilo si jambo dogo kwa mahali ambapo hospitali ya rufaa iko mbali. Hata hivyo kofia humsaidia mtu aliyekwisha kuanguka, ilhali breki na taa humzuia asianguke. Tukiwa na fedha za kimoja tu, tutanunua breki na taa. Tukiwa na zaidi, kofia kwanza kwa wale wanaoshuka milimani.

Kofia za mitumba zinapatikana. Ndani yake kuna sponji ngumu ambayo kazi yake ni kupondeka mara moja tu. Ikiwa na ufa, hata mdogo kama unywele, imekwisha kazi. Mkanda ubane chini ya kidevu kiasi cha kupitisha vidole viwili. Kofia ya pikipiki kwa mtu anayepiga pedeli kupanda mlima kwenye joto la mwambao ni mateso, naye ataitundika kwenye usukani, mahali ambapo haimsaidii.

Wanaokimbia

Lami imeleta pia wakimbiaji. Alfajiri mijini utaona vikundi vya vijana na hata wazee wanaofanya mazoezi kwa ushauri wa daktari, na saa za shule watoto hukimbia ili wasichelewe. Nchini kwetu magari hupita kushoto. Mwendesha baiskeli ni chombo, naye apite kushoto pamoja na vyombo vingine. Anayekimbia au kutembea apite kulia, akiyatazama magari yanayomjia. Kanuni hizi mbili huchanganywa, na watoto wa shule wafundishwe tofauti yake kwa kuonyeshwa barabarani. Vikundi visikimbie wanne kwa safu, na masikio yasizibwe kwa muziki. Reflekta za kitambaa zifungwe vifundoni mwa miguu, kwa sababu ile ile ya pedeli.

Viatu visiwe sababu ya kukata tamaa. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 bila viatu. Lakini hakukimbia kando ya barabara yenye chupa zilizovunjika, na kwetu kuna funza na safura. Raba za mitumba zinatosha. Ziangaliwe soli: iliyolika upande mmoja itaukunja mguu wa mvaaji mpya kufuata mwendo wa mvaaji wa zamani. Mbele ya kidole kikubwa pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba, la sivyo kucha zitapondeka kwenye miteremko. Ndala zina hatari kwa anayekimbia na kwa mwendesha baiskeli pia, kwa kuwa huteleza kwenye pedeli.

Mbwa huwafukuza wote wawili. Anayeng'atwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kuuliza chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama jeraha ni dogo na mbwa anajulikana. Dalili za ugonjwa huo zikianza, matibabu hayaokoi.

Fedha zitoke wapi

Tunapendekeza kamati inayopanga kununua baiskeli kumi inunue nane, na fedha za mbili zilizobaki zigawanywe: breki za akiba, reflekta na taa kwa hizo nane, vipumzishio vya miguu, na sanduku moja la vifaa litakalokaa parokiani likiwa na pampu, spana, viraka na gundi, spoki, gololi, waya za breki na raba. Tunajua si uamuzi mwepesi. Makatekista wawili watabaki bila baiskeli, na ni watu wenye majina, wanaokaa benchi la mbele Jumapili. Lakini ikiwa zote kumi zitakuwa bila breki baada ya mwaka mmoja, tutakuwa tumewapa kumi wote chombo cha kuumizia, na baadhi zitakuwa zimeegeshwa ukutani zikingoja tyubu.

Anayepewa baiskeli achangie kidogo kila mwezi kwa ajili ya fundi, hata kama ni kwa debe la mahindi wakati wa mavuno. Kijana mmoja wa parokia apelekwe kujifunza kwa fundi mzoefu, na malipo yake yaandikwe kwenye bajeti kama yanavyoandikwa ya dereva. Wafadhili wanaosoma taarifa zetu tunawaomba wasishangae kuona mstari wa matengenezo ukikua mwaka hadi mwaka. Una maana kwamba baiskeli zinatembea.

Ukaguzi ufanyike mara mbili: mwezi Mei, kabla ya msimu wa kahawa wakati mizigo ni mikubwa, na mwezi Oktoba, kabla mvua hazijaanza. Fundi azungushe magurudumu kuona kama yananyooka, akaze nati, na atazame mifereji iliyochongwa kwenye raba za breki. Mifereji ikiwa imefutika, raba zibadilishwe siku hiyo, mwenyewe akiwa amesimama hapo, na ajaribu kusimama kwenye mteremko mdogo nyuma ya kanisa kabla hajaondoka.